Kiti cha zamani chenye jina la dizaina au kiti cha mninga kisicho na jina: uchukue kipi ukiwa Mbeya au Iringa?

Kamwene wa Iringa, mugonile wa Mbeya. Kuna dada anaandaa gesti yake Mafinga kaniuliza swali ambalo siku hizi nalisikia sana tangu watu waanze kuzipenda fenicha za kizamani, kwamba kwa hela ileile achukue kiti kimoja cha Ulaya ambacho dalali anasema ni cha dizaina mkubwa, au achukue viti sita vya mninga alivyochonga fundi ambaye hakuna anayemjua, vimetoka kwenye nyumba ya zamani ya shamba la chai. Jibu langu kwake lilikuwa refu kidogo na nadhani litawafaa na wengine, kwahiyo naliweka lote hapa.

Msimamo wangu nausema mapema: jina la dizaina ni hela kweli, sio maneno ya watu wa mjini, ila ni hela pale tu linapokuwa na ushahidi na pale palipo na mnunuzi anayelijua. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili unabaki na mbao, na kwa mbao zetu za huku, mninga, mkangazi, mvule, mara nyingi wewe mwenye kisicho na jina ndo unakuwa umeshinda.

Jina linavyogeuza bei

Mfano unaonifundisha kuliko yote ni viti vya Chandigarh kule India. Miaka ya 1950 walikuwa wanajenga mji mpya kabisa, Le Corbusier ndo aliyeuchora, na binamu yake Pierre Jeanneret akakaa kulekule miaka mingi akisimamia ujenzi na fenicha za kujaza yale maofisi, vyuo, maktaba na mahakama. Viti vilikuwa vya mtiki, miguu imekaa kama V iliyopinduliwa, pa kukalia na mgongo vimesukwa kwa henzirani, na vilitengenezwa kwa maelfu na mafundi wa hukohuko. Vilikuwa viti vya karani tu jamani. Vikachakaa, vikaletwa vingine vipya, vile vya mtiki vikarundikwa juu ya mapaa na nyuma ya majengo, vingine vikapigwa mnada kwa bei ya kuni. Wakaja wafanyabiashara wa Ulaya, Wafaransa hasa, wakavinunua kwa mafungu, wakavisafisha na kuvisuka upya, wakavipeleka kwenye minada ya Paris, London na New York vikiwa na jina la Jeanneret kwenye karatasi, na kiti kimoja kikaanza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2011 serikali ya India ikapiga marufuku kuvitoa nje ya nchi. Sasa angalia hapo: mtiki ni uleule, umbo ni lilelile, hata mikwaruzo ya makarani ipo, kilichoongezeka ni jina na mtu wa kulithibitisha.

Na hilo jina ukilichunguza limefunika mikono mingi, maana kwenye ile timu walikuwepo wasanifu Wahindi kama Eulie Chowdhury aliyeshiriki hadi kwenye fenicha, na maseremala ambao majina yao hayasomwi mnadani hata siku moja. Mimi hili linaniuma kwakweli, kwasababu ndo yaliyowakuta mafundi wetu pia.

Kitu kingine cha kushika pale ni zile namba. Idara ziliandika herufi na namba kwa rangi kwenye viti ili kila kiti kijulikane ni cha ofisi gani, zimeandikwa harakaharaka tu, na leo ndo alama ya kwanza mnunuzi anayoitafuta. Wanaotengeneza feki wanalijua hilo, wanachukua kiti kipya wanakiandika namba na kukichakaza, kwahiyo namba peke yake haitoshi, inataka iende na karatasi na uzee wa mbao yenyewe.

Nalisema hili kwasababu na huku kwetu viti vizito vya ofisi za zamani vipo, na vyenyewe vina namba za serikali. Ukiuziwa kiti chenye namba ya ofisi ya umma dai karatasi ya mnada kilikouzwia. Kama hamna, kiache, hata kiwe kizuri vipi na hata bei iwe chee, maana hapo shida sio dizaina tena, ni polisi.

Jina kubwa sio lazima bei kubwa

Watu wengi wanateleza hapa. Chukua Michael Thonet, huyu jina lake ni kubwa kuliko karibu dizaina yeyote wa viti duniani. Kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, kile cha mgahawani chenye mgongo wa fito zilizopindwa kwa mvuke, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vikiwa vimefunguliwa viliingia kwenye sanduku moja la mita moja ya ujazo. Kwa hesabu hiyo kikasambaa dunia nzima kwa makumi ya mamilioni. Na ndo tatizo lake kwa mtu anayetafuta faida: viko vingi mno, na hati yao ya kulinda ubunifu ilipoisha mwaka 1869 viwanda vingine navyo vikaingia kazini. Jina kubwa lakini upatikanaji ni mwingi, bei haipandi sana isipokuwa uwe na cha mwanzoni kabisa chenye lebo au mhuri wake kwenye duara la kukalia kwa ndani.

Alafu mbao yake ni ya mti wa Ulaya unaoitwa beech, inapindika vizuri sana kwa mvuke lakini wadudu wanaipenda. Kiti cha namna hiyo kikikaa stoo Tukuyu kwenye unyevu ule misimu kadhaa, ukija kukigonga kinatoa unga.

Upande wa pili kuna kiti cha Eileen Gray, mama wa Ireland aliyefanya kazi Paris, alichokitengeneza kati ya 1917 na 1919, mikono yake imechongwa kama madragoni. Mwaka 2009 kiliuzwa kwenye mnada wa Christie's Paris kwa euro milioni 21.9, wakati wao wenyewe walikuwa wamekadiria milioni 2 hadi 3. Jina la Gray lilichangia, sawa, ila kiti hicho kilikuwa ni kile kimoja, na kilikuwa kinatoka nyumbani kwa Yves Saint Laurent, mbunifu wa mavazi maarufu wa Ufaransa, na historia yake ya kutoka mkono huu kwenda mkono ule ilikuwa inajulikana. Majina mawili yamepandana, kuna uadimu, kuna karatasi. Ukivitoa hivyo kimoja kimoja unaona bei inashuka ngazi kwa ngazi.

Na saa nyingine jina la aliyekaa linalipita la aliyetengeneza. Kiti cha kubembea cha Rais Kennedy kiliuzwa New York mwaka 1996 kwa zaidi ya dola 400,000, na kiti chenyewe ni cha kawaida tu cha kiwandani. Huyohuyo Kennedy kwenye mdahalo wake na Nixon mwaka 1960 alikalia kiti cha Hans Wegner wa Denmark cha mwaka 1949, na kuanzia hapo Wamarekani wakakiita Kiti, basi, bila neno lingine. Kile cha Wegner kimetengenezwa na karakana mbili, kwanza ya Johannes Hansen, baadae PP Møbler, na wakusanyaji wanageuza kiti kuangalia ni mhuri wa nani, kwahiyo ujue hata dizaina akiwa mmoja jina la karakana linahesabiwa peke yake.

"Hiki ni cha Mjerumani"

Sasa tuje nyumbani. Huku Nyanda za Juu Kusini jina tunalouziwa zaidi sio la dizaina, ni hili la Mjerumani. Kila kiti kizito chenye miguu iliyokerezwa ni cha Mjerumani, au kimetoka misheni. Inawezekana kabisa, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na misheni zilikuwa na karakana na zikafundisha vijana useremala, na Iringa jengo la Boma la Wajerumani mpaka leo limesimama na ni makumbusho. Lakini sikia, cha Mjerumani sio jina la mtu aliyetengeneza, ni enzi tu, na utawala wa Mjerumani huku uliisha mwaka 1916. Kwa hiyo kiti cha Mjerumani wa enzi hizo kina zaidi ya miaka mia, na miaka mia inaacha alama ambazo dalali hawezi kuzificha zote.

Kipindue. Nasema hivi kwa kila mtu, usilipie kiti ambacho hujakilaza miguu juu kwenye mwanga wa jua. Angalia skrubu kwanza: skrubu za bisibisi ya nyota ziliingia sokoni miaka ya 1930, kwahiyo ukizikuta kwenye kiti cha Mjerumani ama kimefanyiwa ripea ama umedanganywa, na ripea utaijua kwasababu pembeni utaona tundu la zamani limezibwa. Angalia maungio, kwenye kazi nzuri ya mkono ulimi wa mbao unaingia kwenye tundu na wakati mwingine unatokeza upande wa pili na kabari ndogo imepigwa katikati yake, ukipitisha kidole unaisikia imenyanyuka kidogo sana kwasababu mbao zimesinyaa tofauti. Angalia chini pasipoonekana, fundi wa zamani hakupoteza muda kupalainisha, utakuta mistari ya randa au ya msumeno wa mkono haijanyooka sawasawa, wakati mashine inaacha mistari inayolingana. Na rangi: chini panatakiwa pawe na uzee wake, sio vanishi mpya imepakwa mpaka kwenye matundu ya misumari.

Ukikuta mhuri uliochomwa, lebo ya karatasi, au jina limepigwa kwenye chuma, usiguse na kitambaa chenye maji wala msasa. Piga picha kwanza.

Mninga nao una siri yake. Kiini chake kile chekundu-kahawia kinavumilia mchwa na hakipindi hovyo, lakini ile sehemu nyeupe ya pembeni wadudu wanaitoboa, kwahiyo kiti cha mninga chenye mguu wenye ukanda mweupe ni kiti chenye ugonjwa wake tayari, punguza bei hapo bila aibu.

Tuviweke pamoja sasa

Kwenye matengenezo ndo tofauti inapokuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kiti cha mninga kisicho na jina ukikipeleka kwa fundi yeyote mzuri Sido Mbeya au Iringa mjini anakifungua, anakipiga gundi upya, msasa, vanishi, anakirudisha, na thamani imepanda. Kiti chenye jina ukikifanyia hivyohivyo umekishusha, maana mnunuzi wake analipia ule uso wa juu wa mbao wenye uzee wake na ule mhuri ambao msasa unaufuta kwa dakika mbili. Mfano kile kiti cha Wegner kingine, chenye mgongo wa Y, pa kukalia pamesukwa kamba ya karatasi kama mita 120 hivi, ikikatika huku kwetu fundi atakusukia kamba ya katani au plastiki na utakaa vizuri tu wala hutaanguka, lakini mnunuzi anayejua ataona kamba sio yenyewe na atakata bei. Na kiti hicho bado kinatengenezwa mpaka leo na kampuni ya Carl Hansen & Søn, kwahiyo bei ya kipya inakaa kama dari juu ya bei ya mtumba, isipokuwa kiwe cha zamani sana na kizima.

Kwenye kuuza tena, mnunuzi wa jina yuko mbali. Anayejua Wegner ni nani na yuko tayari kulipa yuko Copenhagen, London, New York, labda wachache Dar na Nairobi. Kutoka Mbeya mpaka umfikie kuna kufunga, kuna usafiri, kuna dalali wa katikati, kuna mtaalamu wa kuthibitisha, na kila mmoja anakula chake. Viti sita vya mninga seti moja mnunuzi wake yuko Uyole, yuko Njombe, yuko Makambako, ni mwenye hoteli, ni mtu aliyejenga, na haulizi jina, anakaa, anatikisa, anauliza bei. Bei haitakuwa ya ajabu lakini utaipata wiki hiihii.

Ukipata kitu cha asili yetu, viti vya machifu au vigoda vya kale, hapo ni habari nyingine kabisa. Fundi wake hajulikani jina lakini thamani ipo kubwa, ya historia na ya hela, na nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuvitoa nje kunataka kibali. Mi ningependa vibaki huku, ongea na watu wa makumbusho kabla ya kuongea na mnunuzi.

Kuna na hivi viti vya katikati, ambavyo umbo ni la dizaina lakini hakuna ushahidi. Hapa bei lipia mbao na kazi tu, jina lipe sifuri. Kiti cha kukunja cha turubai na mikanda ya ngozi, kile cha safari, mtu atakuambia ni cha Kaare Klint wa Denmark. Klint kweli alikitoa mwaka 1933, lakini alikichukulia kwenye kiti cha kufungua na kufunga cha maafisa wa jeshi la Waingereza ambacho kilikuwepo kabla yake, na wanajeshi na wawindaji walizunguka nacho Afrika Mashariki yote. Kwahiyo ulichonacho huenda ni cha jeshi, hakina jina, na ndicho baba wa chenye jina. Ni kiti kizuri, kina historia ya eneo letu hata kuliko cha Klint, ila bei ya Klint usiitoe bila lebo.

Na kopi wakati mwingine nazo hupata thamani yao kwa njia nyingine. Ile picha maarufu ya Christine Keeler, mwanamitindo wa Uingereza, ya mwaka 1963 aliyopiga Lewis Morley, kiti alichokalia Keeler kila mtu alidhani ni cha Arne Jacobsen, dizaina wa Denmark, kumbe ni cha kuiga, na makumbusho ya V&A London wanacho kopi hichohicho kwasababu ya picha. Lakini hiyo ni bahati ya kiti kimoja, usinunue feki ukisubiri mpiga picha.

Kwahiyo dada wa Mafinga nilimwambia achukue sita za mninga. Wageni watavikalia kila siku, watavikokota sakafuni, mtoto atamwaga chai, na kiti kimojawapo kikivunjika mguu fundi ataufanya mwingine kwa mbao hiyohiyo na hakuna atakayegundua. Akivichoka baada ya miaka kumi bado vitauzika. Kile cha dalali kingemlazimu kukiweka kona asikalishe mtu, na dalali mwenyewe alipoombwa picha ya chini ya kiti alituma ya mbele mara mbili.

Ambaye ningemwambia achukue chenye jina ni mtu mwenye vitu vitatu: ana mhuri au lebo anayoiona kwa macho, ana karatasi au angalau anamjua mwenye kiti wa mwanzo na jinsi kilivyofika huku, mfano familia iliyorithi kwa bosi wa shamba alipoondoka, na ana uwezo wa kukaa na ile hela imelala mpaka mnunuzi wa kweli apatikane. Akiwa navyo vyote, asibishane sana bei. Avipige picha vile vya chini, mhuri, skrubu, maungio, na aandikishane na muuzaji maelezo ya kiti kilikotoka na nani alikuwa nacho kabla yake, wasaini wote, siku hiyohiyo, kabla kiti hakijapanda kwenye gari.